Re: Mashine ya mabawa ya Leonardo ingeruka kwa mbao nyepesi?
Hapana, mbao nyepesi pekee zisingetosha. Kikwazo kikubwa ni misuli. Katika michoro ya Leonardo da Vinci ya miaka ya 1480, rubani analala kifudifudi na kusukuma vikanyagio kwa miguu. Kamba na kapi ndizo zinazoshusha mabawa. Mtu mwenye mazoezi makali hutoa wati 250 hivi kwa muda mrefu, na nyingi zingeishia kutikisa mabawa yenyewe, juu na chini, kila pigo. Gossamer Albatross, ndege nyepesi iliyoendeshwa kwa nguvu za mtu, ilivuka bahari kutoka Uingereza hadi Ufaransa mwaka 1979 kwa pedali, lakini kwa rafadha (propela), mabawa yasiyopigwa ya karibu mita 30 toka ncha hadi ncha, na uzito wa kilo 32 tu bila rubani. Hapo ndipo ujanja ulipo.