Kabla ya Kununua Ploti, Shuka Steji Utembee

Wiki mbili zilizopita dada mmoja niliyekuwa nikisali naye Umoja alinipigia simu. Alikuwa ameonyeshwa ploti upande wa Kamulu, mashariki mwa Nairobi, futi 50 kwa 100, na muuzaji akamhakikishia kwamba ni dakika tano tu kutoka lami. Nikamuuliza, "Dakika tano kwa gari au kwa miguu?" Akanyamaza. Alikuwa amepelekwa kwa gari la wauzaji na kurudishwa mjini kwa gari hilo hilo. Miguu yake ilikanyaga ploti yenyewe tu, basi. Nikamsihi asitoe hata shilingi ya kushikilia ploti hadi arudi peke yake kwa matatu, ashuke steji, atembee.

Nayaandika haya kwa ajili yake na kwa ajili ya wote wanaotoka Umoja, Kayole, Donholm au Pipeline kwenda kujijengea huku nje. Ni jambo jema kuhama, na sijutii. Lakini tulio wengi tunanunua ploti kwa macho ya mwenye gari ilhali tutaishi pale kwa miguu. Maisha ya huku yanaamuliwa na ile safari ya kutoka steji hadi mlangoni, na ndiyo safari ambayo hakuna anayekuonyesha.

Sisi tulihamia Ruai, pembezoni mwa Nairobi upande huo huo wa mashariki, mwaka 2018, mimi, mume wangu na watoto wawili. Nyumba ilikuwa haijapigwa plasta na madirisha ya nyuma tulikuwa tumeyaziba kwa mabati. Kutoka Kangundo Road hadi mlangoni nilipima kwa saa ya mkononi: dakika 12. Nilifurahi sana. Nisichokijua ni kwamba hizo dakika 12 zilikuwa zikikatiza ploti saba za watu.

Hili ndilo la kwanza ningependa ulielewe. Mahali papya pakiwa bado pana nyasi, utaona vijia vimekanyagwa na miguu, vinakata mshazari kutoka steji hadi kwenye nyumba zilizotangulia. Vinapendeza na vinaonekana kama vimekuwepo tangu zamani. Lakini kijia kile kipo kwa sababu mwenye ploti hajaja. Siku atakapokuja, ataanza na nguzo na sengenge, kisha mawe, na wewe utapinda. Ukuta wa kwanza kwetu ulisimama mwaka 2020. Kufikia 2022 tulikuwa tumepinda mara tano, na dakika 12 zilikuwa zimefika 31. Hakuna aliyetukosea. Kila mmoja alijenga kwake. Ni sisi tuliozoea kupita kwenye mali ya watu tukadhani ni barabara.

Kwa hiyo ukienda kutazama ploti, usifuate kijia hata kama wenyeji wote wanakifuata. Omba nakala ya ramani ya upimaji, uishike mkononi, utembee kwenye barabara zilizochorwa tu, na upime muda huo. Huo ndio utakaobaki nao. Pima pia upana. Barabara nyingi za ndani kwenye mgao wa ploti huku huchorwa mita 9, na kwa mtu mzima hizo ni kama hatua 12 za kawaida. Ukihesabu hatua saba kutoka ua hadi ua, basi kuna mtu ameshasogeza mpaka wake, na atakayebanwa kesho ni wewe na mkokoteni wako wa maji. Utafutaji wa hati siku hizi Nairobi unafanyika kwenye mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021, na ni lazima uufanye. Utakuambia ploti ni ya nani na kama ina deni. Kama njia ya kuifikia inapitika, hilo utaliona kwa miguu yako mwenyewe.

Nenda baada ya mvua. Hapa naomba unisikilize kwa makini. Udongo wetu kuanzia Njiru, Ruai hadi Kamulu ni ule mweusi unaofura ukilowa na kupasuka ukikauka. Januari na Februari utakuta mipasuko ambayo mkono unaingia, na vumbi jembamba linalopenya hadi kabatini. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, udongo huo huo unashika kiatu, na kila hatua inaongeza tabaka jingine hadi unatembea juu ya visigino vya matope vizito kama matofali. Wengi wetu tuna gambuti za kuvaa hadi steji, tunaziacha kwenye kibanda cha mama mboga, tunavaa viatu vya kazini, jioni tunabadilisha. Kwa mama yule nimekuwa nikiacha gambuti zangu miaka mingi, na sijawahi kupoteza hata moja. Tafuta mtu wa namna hiyo karibu na steji mapema, ununue mboga kwake, mjuane.

Ukiweza, waulize pia waliokuwepo kabla ya ploti. Kiangazi cha 2022 wafugaji walipoleta ng'ombe hadi kwenye mitaa yetu kutafuta nyasi, nilikutana na kijana mmoja akichunga karibu na shamba tupu tulilokuwa tukilikatiza. Nilimwambia awapitishe ng'ombe chini, ni karibu zaidi. Akanijibu kwa upole, "Mama, hapo chini ng'ombe hapiti mvua ikija. Hapo ni maji. Ng'ombe anapita kule juu." Sikuona dalili yoyote ya maji, ardhi ilikuwa imepasuka. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipokuja, pale chini palikuwa bwawa, na nyumba mbili zilizokuwa zimejengwa pale tangu siku ile nilipoongea na kijana yule ziliingiwa na maji hadi kwenye makochi. Nilisimama kule juu, kwenye njia ya ng'ombe, nikiwa mkavu, nikalia kwa ajili ya majirani zangu.

Jambo jingine ni giza. Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua letu huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na jioni linatua karibu saa hizo hizo. Mtu wa Ruai anayefanya kazi Viwandani au Westlands anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili asikwame barabarani, na anarudi saa moja unusu au saa mbili usiku. Maana yake anatembea gizani kwenda na gizani kurudi, siku zote za kazi, miezi yote. Sasa fikiria kijia kile ulichokiona mchana wa Jumamosi, watoto wakicheza, jua linawaka. Rudi Jumatano saa mbili usiku ndipo uamue.

Sisi wanawake tulikubaliana kungojana. Anayeshuka wa kwanza anasubiri kwenye kibanda, wakifika watatu au wanne wanaondoka pamoja, na kundi letu la WhatsApp lipo kwa kazi hiyo moja tu: "Nimefika Njiru." "Nisubirini." Limetusaidia kuliko kitu kingine chochote. Tuliwaendea pia wenye nyumba, mmoja baada ya mwingine, tukawaomba waweke balbu moja upande wa njia. Wengi walikubali. Na kama unajenga ua wako sasa, nakuomba kama jirani: mawe yafike kiunoni, juu yake weka vyuma. Kuta mbili za mawe zenye urefu wa futi nane zinazotazamana zinageuza njia kuwa shimo, anayeshambuliwa mle haonekani na mtu. Nyumba inayoiona njia inawalinda wapitaji, na wapitaji wanailinda nyumba.

Ukifika barabara kubwa mahali pasipo na njia ya miguu, tembea upande wa kulia ili magari ya upande wako uyatazame uso kwa uso. Hapa kwetu gari hupita kushoto, kwa hiyo anayetembea kushoto anaachia mgongo wake kwa dereva asiyemwona. Wanangu niliwanunulia reflekta kama zile za bodaboda. Walizikataa mwanzoni, wakasema watachekwa, sikusikiliza. Wanaotembea kwa miguu ndio wengi zaidi kati ya wanaokufa barabarani nchini Kenya, na mtoto aliyevaa sweta ya samawati nzito saa kumi na mbili asubuhi haonekani.

Kuhusu bodaboda, piga hesabu kabla hujahama. Kwetu ni shilingi 50 kutoka steji, na mvua ikinyesha ni 100. Mtu mmoja, kwenda na kurudi, siku 26 za kazi, ni shilingi 2,600 kwa mwezi bila mvua. Watu watatu, 7,800. Kuna familia iliyohamia huku kukwepa kodi ya nyumba ikakuta imeihamishia kwenye pikipiki.

Ndiyo maana tuliamua kutengeneza njia yenyewe, na hapa tulikosea kwanza. Oktoba 2022 nyumba 14 tulichanga, tukaleta malori mawili ya maram, ile changarawe nyekundu ya barabara, tukaitandaza juu ya udongo mweusi siku moja ya Jumamosi kwa furaha kubwa. Kufikia mwisho wa Novemba haikuwepo. Tope liliimeza. Fundi mmoja wa barabara anayeishi upande wa pili wa mtaa alitueleza kosa: udongo ule ukilowa unakuwa laini na maram inazama ndani yake, kwa hiyo lazima uuondoe kwanza, na lazima maji yapate pa kwenda.

Agosti 2023 tukaanza upya. Hatukugusa barabara nzima. Tulichagua mita 80 zilizokuwa mbaya zaidi, upana mita moja na nusu tu, njia ya mtu, mkokoteni na kiti cha magurudumu. Tulichimba udongo mweusi futi moja kwenda chini. Chini tukapanga mabaki ya mawe kutoka machimbo ya Njiru, tukajaza vipande vidogo katikati, juu tukaweka maram na kuishindilia kwa miti ikiwa imenyunyiziwa maji, katikati ikiwa juu kidogo kuliko kando. Mitaro tulichimba pande zote mbili kabla ya kumwaga hata jiwe moja, na penye lango la mtu tukalaza bomba la saruji ili maji yapite chini. Kila nyumba ilitoa shilingi 3,500 na siku mbili za jembe. Mvua kubwa za El Niño zikaja miezi miwili baadaye, zikafuatwa na zile za 2024, na njia ikabaki pale pale. Mama mkwe wangu, anayetembea kwa mkongojo, alikuja kututembelea katikati ya mvua kwa mara ya kwanza tangu tuhame.

Msisubiri lami. Na lami ikija, msishangilie kabla ya kuuliza miguu itapita wapi. Barabara ya pili kutoka kwetu ilipata lami bila njia ya kando, na tangu hapo pikipiki zinapita kwa kasi ambayo vumbi na mashimo vilikuwa vikiizuia. Kaunti ya Nairobi ina sera ya usafiri usiotumia injini ya mwaka 2015, inayotaka asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa waendao kwa miguu na baiskeli. Nendeni kwenye vikao vya bajeti vya wadi mkiitaja sera hiyo kwa jina na mwaka wake. Tumewahi kwenda watu wawili hatukusikilizwa. Tulipokwenda 19 tuliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Watoto wafundisheni mapema kuhusu machimbo yaliyojaa maji. Pandeni miti kwenye ukingo wa barabara sasa hivi, muarubaini unastahimili joto la huku. Na asubuhi ya Jumapili baada ya mvua, tembeeni bila kuwa na safari. Kilimambogo inasimama karibu kabisa, na siku mawingu yakikaa mbali, Mlima Kenya unaonekana upande wa kaskazini na theluji yake. Nimeishi Nairobi miaka yangu yote na niliuona kwa mara ya kwanza nikiwa na gambuti miguuni.

Mwenye ploti ya mwisho kwenye njia yetu alikuja Julai na lori la mawe. Tulikuwa tumejifunza: ukimwendea mtu ukuta ukiwa umesimama, umechelewa. Siku ile ile ya mawe tulimpelekea chai, tukatembea naye kutoka steji, tukamwonyesha mitaro na mahali mkokoteni unapopinda. Akafungua ramani yake. Mpaka ulikuwa wake kweli, njia yetu ilikuwa imeingia nusu mita kwenye pembe ya ploti yake. Tukamwambia, "Baba, ni haki yako, tutaisogeza." Alitazama pembe ile kwa muda, akamwita fundi. Ukuta wake umekamilika sasa, na pembe ile imekatwa mshazari, nusu mita ndani, mkokoteni unapita bila kugusa.