Duka ni moja tu, na bei ni ya mwenye duka

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu waliojenga pembeni ya Nairobi, kule Ruai, Kamulu na njia zote za ndani za Kangundo Road, mahali plot zimejaa lakini duka ni moja. Nimechukua barua ndefu moja nikaijibu vizuri, alafu zingine nimezijibu kwa ufupi.

SWALI: Habari ya kazi dada. Tulihamia kwetu mwaka jana, ni ndani ndani huko, nyumba bado ziko mbalimbali na duka ni la mzee mmoja na mke wake, hakuna lingine mpaka ufike barabarani. Unga pakiti ya kilo 2 iko juu ya bei ya tao na shilingi 20, mafuta lita moja iko juu na 30, na sukari anapima na mizani ya zamani ile ya sinia na mshale, mpaka nashindwa kama ni kilo kweli. Mume wangu anasema niachane na huyo mzee kabisa, kila kitu nitoe tao Jumamosi, lakini nauli ni 150 kwenda na 150 kurudi, na nikiwa na mizigo makanga anaitisha ingine. Alafu maziwa ikiisha usiku ni kwa huyo huyo mzee nakimbilia. Sasa dada, serikali inamruhusu kuuza hivyo? Na mimi nifanyeje? – Mama Tasha

JIBU: Mama Tasha, nianze na hio ya serikali juu naona ndio inakuchoma. Ndio, anaruhusiwa. Kenya hatuna bei ya unga iliyopangwa. Petroli ndio inapangiwa bei na EPRA, ile mamlaka ya kawi, kila tarehe 14 ya mwezi, ndio maana hakuna stesheni itakulipisha zaidi ya ile iliyotangazwa. Unga, sukari, mafuta ya kupika, hizo kila mtu anauza vile soko lake linakubali. Iko sheria ya mwaka 2011 inayompa waziri uwezo wa kuweka bei ya mwisho kwa bidhaa za lazima, na mara zingine serikali imeingia na ruzuku, mnakumbuka unga wa 90 mwaka wa 2017 na ule wa 100 wa Julai 2022, na mnakumbuka pia vile ilikuwa shida kuupata. Kwa hivyo usiende kumtisha mzee na mambo ya kumripoti kwa sababu ya 20.

Mizani ndio kitu tofauti. Hapo hakuna mambo ya soko, kilo ni kilo. Sheria ya vipimo na mizani, Sura ya 513, inataka mizani yoyote ya biashara ikaguliwe na ipigwe muhuri kila mwaka, na hio kazi siku hizi iko na kaunti. Angalia kama ya mzee ina muhuri. Lakini kabla hujafika huko, jaribu mwenyewe na heshima zako zote. Nunua chupa ya maji ya nusu lita pale pale, usiifungue, umwambie, “Mzee, hebu tuweke hii kwa mizani tuone.” Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo hio chupa inafaa kusoma nusu kilo na gramu kidogo za plastiki juu yake. Ikisoma mia sita, basi mizani inakupunja, maana kila ukinunua kilo unapata pungufu. Angalia pia mshale kabla hajaweka kitu, sinia ikiwa tupu mshale unafaa kulala kwa sufuri. Saa zingine sio ukora, ni springi imechoka ama sukari iliyomwagika imeganda hapo chini ya sinia miezi na miezi na hakuna mtu ameipangusa. Mzee mwenye nia nzuri atashukuru ukimwonyesha. Akikataa kabisa hata kuiweka hio chupa, hapo umejua, na ofisi ya vipimo ya kaunti yenu ndio mahali pa kupeleka hio stori.

Na kama mafuta anauza kwa kupima, uliza anapima kwa lita ama kwa kilo, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji, lita moja ina uzito wa kama gramu 920. Anayekuuzia kilo anakupa zaidi kidogo ya lita, anayekujazia kwa chupa anakupa lita, kwa hivyo usilinganishe hizo bei mbili kana kwamba ni kitu kimoja.

Sasa nikuambie hio 20 inatoka wapi, kwa sababu mume wako anaona ni tamaa na mimi sioni hivyo. Unga unakuja na bela, pakiti 12 za kilo 2. Hio 20 mara 12 ni shilingi 240. Toa boda ya kutoka stejini mpaka kwake, toa pakiti moja iliyotobolewa na panya, toa jirani aliyechukua mbili akasema atalipa mwisho wa mwezi na mwezi umekuwa miwili, mzee amebaki na nini? Supamaketi kubwa inaletewa mzigo na lori kutoka kiwandani na mara nyingi inalipa baadaye, ikishauza. Huyu mzee analipa kesh kwa holseli ndio apewe bela zake mbili, alafu anangoja nyumba chache zimalize hizo pakiti polepole. Hawezi kuuza bei ya tao na abaki na duka, na akifunga, Mama Tasha, wewe maziwa ya usiku utatoa wapi?

Kwa hivyo mimi siwezi kukuambia uhame duka. Nitakuambia ugawanye manunuzi. Piga hesabu ya nauli kwanza. Safari ya tao ni 300, sasa kama unaenda kuokoa 20 kwa unga na 30 kwa mafuta, unahitaji pakiti sita za unga na lita sita za mafuta ndio urudishe nauli tu, bado hujaokoa hata shilingi, na bado makanga hajaitisha yake. Tao iende mara moja kwa mwezi na iende kwa vitu ambavyo tofauti ni kubwa na havioozi. Nafaka ndio hizo. Pale Nyamakima maharagwe, ndengu, njahi na mchele unapata kwa bei ya jumla, unaona zimewekwa kwa magunia wazi, unashika na mkono, unaangalia kama zina mashimo ya wadudu na kama zimekauka vizuri. Ung'ate moja. Ikivunjika na mlio ni kavu, jino likizama bado ina maji na itakushikia ukungu kwa ndoo. Vitunguu vya neti na viazi ni Marikiti asubuhi mapema, lakini hivyo chukua mkiwa majirani wawili watatu, gunia la viazi ni kilo 50 na nyumba moja hailimalizi kabla yaanze kuchipua.

Alafu vitu vya kila siku, mkate, maziwa, sukari, chumvi, kiberiti, sabuni, mayai, hizo mpe mzee. Zote. Na hapa ndio nataka unisikize, kwa sababu watu wengi hukaa na duka moja miaka na miaka wakilalamika na hawajawahi kuongea na mwenye duka zaidi ya “nipe” na “ngapi.” Nenda mchana kama saa nane, watoto hawajatoka shule na hakuna foleni, umwambie hivi: mimi na majirani wangu watatu tunatumia bela moja ya unga kila mwezi, tukikulipa mapema tarehe 5, utatuletea kwa bei gani? Utashangaa. Hio bela ishauzwa kabla itoke holseli, haina panya, haina deni, haikai rafuni, kwa hivyo anaweza kuweka 5 kwa pakiti badala ya 20 na bado afurahi. Maziwa vile vile. Mwenye duka dogo anaogopa kuleta pakiti 20 za maziwa akibaki na 9 na stima ikipotea, lakini akijua wewe ni mbili kila siku na jirani ni moja, ataleta na ataweka yako kando. Kwa zile za usiku nunua yale maziwa ya kukaa muda mrefu, yanakaa miezi bila friji mradi hujafungua, weka mbili kwa kabati na usizihesabu kama za chai.

Mume wako mwambie aende na wewe hio siku ya kuongea na mzee. Wazee wengi wa maduka wakiona mwenye nyumba amekuja kusalimia, hata bila kununua kitu, mambo mengi yanalainika.

SWALI: Dada, hapa kwetu duka ni moja na linauza unga wa majina ambayo sijawahi kuona kwa tivi. Zina alama ya KEBS, wale wa serikali wa kukagua ubora, lakini nasikia watu wanachapa tu hizo alama. Nitajuaje? – Msomaji, Ruai

JIBU: Alama peke yake haitoshi kweli. Chini ya ile alama ya ubora kuna namba ya kibali. Andika meseji SM#, alafu hio namba, utume kwa 20023, utajibiwa jina la bidhaa na mwenye kutengeneza na kama kibali bado kinafanya kazi. Linganisha na kile kimeandikwa kwa pakiti. Jina likiwa tofauti, rudisha. Fanya hivyo hasa kwa unga wa mahindi, kwa sababu sumu ya aflatoksini haionekani na macho na kupika hakuiondoi yote. Novemba 2019 KEBS walipiga marufuku unga wa majina matano, na yalikuwa majina ambayo watu wanajua, kwa hivyo hata tivi isikudanganye. Ukisikia unga una harufu ya uvundo usiuchekeche ukapika, urudishe na risiti. Kifungu cha 46 cha katiba kinakupa haki ya kupata bidhaa ya ubora unaofaa na kulipwa ukiumia, na hakijasema ni kwa supamaketi peke yake.

SWALI: Niko bedsita Kasarani, chini ya ploti kuna minimati moja na ndio nanunua kila kitu, pakiti ndogo ndogo juu sina pesa ya mara moja. Kuna shida? – Kijana wa Kasarani

JIBU: Hakuna shida ya heshima, kuna shida ya hesabu. Tuseme majani ya chai ya gramu 50 ni shilingi 35 na ya gramu 250 ni 130. Ile ndogo unalipa 70 kwa kila gramu 100, ile kubwa 52. Huwezi kubadilisha zote mara moja, chagua kitu kimoja tu wiki hii, kile unatumia kila siku, nunua kubwa. Wiki ijayo ile pesa hukutumia kwa majani iongeze kwa sabuni. Na uangalie gramu, sio ukubwa wa pakiti, kuna mikate miwili inakaa sawa na mmoja ni 400 na mwingine hata haujafika hapo.

SWALI: Mimi ndio mwenye duka pekee hapa kwetu. Watu wananunua tao wakija na mifuko imejaa wananipita, alafu tarehe 20 wanakuja kuniomba deni. Nikikataa mimi ni mbaya. Nifunge? – Mwenye duka, Kamulu

JIBU: Pole sana baba, na usifunge. Umenigusa kwa sababu barua kama yako hatupati mara nyingi, wanaoandika ni wanunuzi tu.

Deni lisiwe jambo la kuamua hapo hapo kwa kaunta mtu akiwa amesimama na mtoto na wengine wanaangalia. Weka kiwango, kwa mfano 500 kwa nyumba, na asiyemaliza la kwanza hapati la pili, hata akiwa rafiki. Andika kwa kitabu na mteja aandike kwa simu yake hapo hapo, hio inamaliza ugomvi wa “mimi nilichukua mbili sio tatu.” Anayelipa kwa siku yake, mwaka mzima, mwongezee. Na usikatae mtu mbele ya watu, mwambie arudi jioni muongee.

Lakini na wewe kuna kitu nataka ufanye. Bandika bei kwa rafu, kila kitu, na kalamu nyeusi. Watu wanakupita na mifuko kwa sababu wanaamini kila kitu chako kiko juu, na nina hakika chumvi yako na kiberiti chako na mayai yako hayako mbali na ya tao, ila hakuna anayejua mpaka aulize, na mtu akishauliza anaona aibu kutonunua kwa hivyo anaacha kuuliza. Pigisha mizani yako muhuri na uuache uonekane. Na hao wanaokuja tarehe 20, waulize wanataka nini tarehe 1, kabla hawajapanda matatu.