Re: Nimehamia Dodoma, ndege hawaji uani kwangu

Ndugu, umesema unamwaga uwele kila asubuhi na wanaokuja ni kunguru tu. Jaribu maji kwanza. Huku mvua ikikata mwezi wa nne au wa tano, tunakaa mpaka Novemba au Desemba bila tone la maana, na kiu ndiyo inayowaleta.

Chukua kigae au sinia kuukuu, maji yasizidi vidole viwili, weka jiwe katikati wapate pa kukanyaga. Badilisha kila siku, mbu wasizaliane. Liwe mbali kidogo na kichaka. Paka hujificha humo.

Kwangu tetere ndio walitangulia. Huyo haokoti maji tone tone kama kuku: anazamisha mdomo na kuvuta mfululizo, koo likichezacheza. Baadaye wakaja kwezi, halafu kasuku wadogo wa kijani wenye shingo ya njano, wale wanaozaa kwenye matundu ya mibuyu. Asili yao ni Tanzania, ndugu yangu, watunze! Akija mtu kutaka kuwatega, mkatalie.

Shubiri nayo panda. Ikichanua, chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maji matamu ya maua, hawakosi.