Re: Ruta gani kwa stesheneri na nyumba ya nyuma?
Mkuu umesema stesheneri iko mbele, familia inakaa nyuma, faiba imeingia dukani ila vyumbani waifai inashika vistari viwili halafu inakata, unataka ruta yenye nguvu. Usinunue kwanza. Shida ni kuta. Mimi nilibadilisha ruta mbili, ya pili ina antena sita, na bado mtoto alikuwa anakuja kufanyia homuweki mlangoni pa duka. Bendi ya waifai ya 5 GHz ina spidi ila tofali na zege vinaimaliza, ile ya 2.4 GHz inapenya zaidi lakini majirani wote wamejazana huko.

Kilichonitoa ni waya. Vuta waya wa mtandao wa Cat6 kutoka dukani mpaka koridoni, mwisho wake mita 100 na wewe huzifikii, ila hakikisha ni shaba tupu, kwangua kidogo kwa wembe, ukiona nyeupe ndani hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, rudisha hapohapo. Mwisho wa waya funga akses pointi ndogo (kiboksi cha kurusha waifai) ya bendi zote mbili, basi.

Halafu nakuomba sana, wateja wape mtandao wa wageni wenye paswedi yake, wasichangie na kompyuta yenye hesabu zako. Ruta ya MikroTik hAP inaweza hiyo, na TP-Link nyingi tu.

Umeme ukikata, UPS ndogo ya DC (betri ya akiba ya kuwashia ruta) inatosha, ila soma nyuma ya ruta kwanza, kuna za volti 12 na za 9, na kile kiboksi faiba inapoingilia nacho kichomeke kwenye UPS, la sivyo ruta itawaka bila intaneti.