Kaka asiache dawa kwa ajili ya msimu wa korosho

Pole sana dada. Umeuliza kama kaka yako anayemeza klopromazini, dawa ya ugonjwa wa akili, aiache mpaka korosho ziishe, maana inamlegeza shambani. Hapana, asiiache. Ikikatwa ghafla, ugonjwa huweza kurudi, na mkaanza upya. Mwende kwa daktari wake, mumuulize kama dozi kubwa inaweza kuhamia usiku. Wengi hupata nafuu ya usingizi wa mchana kwa njia hiyo.

Jua la Newala mnalijua, na klopromazini huifanya ngozi iungue upesi: avae kofia pana na mikono mirefu, anywe maji. Akiinuka ghafla anaweza kupata kizunguzungu, kwa hiyo asipande mkorosho. Hofu yangu kubwa ni uraka na nipa, pombe za mabibo, kwa kuwa msimu huu havikosekani. Pombe juu ya dawa hii humzidishia usingizi na kushusha presha. Zungumza naye mapema, faraghani, usimwaibishe mbele ya wenzake.

Shingo ikikakamaa au macho yakigeukia juu, hospitali siku hiyohiyo. Ipo dawa ya kulegeza. Homa kali, mwili kukaza na kuchanganyikiwa ni dharura: ondokeni hata kama ni usiku wa manane.