Nani Alikuwa Kwenye Ngalawa ya Pili? Ushauri wa Mtu Aliyechekwa

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia ujumbe mrefu kuliko makala zangu nyingi. Anadai ametegua fumbo la ngalawa katika Lost, ile tamthilia ya Marekani kuhusu abiria wa ndege iliyoanguka kwenye kisiwa cha ajabu. Ameambatanisha kurasa 11 na mchoro wa visiwa viwili, kisha mwishoni kabisa, kama mtu anayeona haya, ameuliza: "Nifanyeje ili watu waache kunicheka?"

Ndugu yangu, umebisha mlango wenyewe. Mimi nilichekwa kabla yako, na walionicheka ni watu ninaowapenda, usiku mmoja, saa nzima bila kupumzika. Nimekaa na jambo hili miaka mingi nikijifanya nimelisahau. Sijalisahau.

Kwa mliopitiwa na muda, tukio lenyewe ni la msimu wa 5, episodi ya 4, iliyorushwa Marekani tarehe 4 Februari 2009. Kisiwa kimeharibika na watu sita wanarukarushwa kutoka wakati mmoja hadi mwingine: Sawyer, Juliet, Locke, Miles, Daniel Faraday na Charlotte. Wanafika kwenye kambi yao ya zamani ufukweni na kuikuta imekuwa gofu. Hapo pana ngalawa mbili ambazo hawazijui, pamoja na chupa ya maji yenye nembo ya Ajira. Juliet anawaambia hilo ni shirika la ndege la India. Basi wanachukua ngalawa moja na kuanza kupiga makafi. Wakiwa katikati ya maji, risasi zinalia nyuma yao. Ngalawa ya pili inawafukuza! Juliet anachukua bunduki na kujibu, na anaonekana kumpata mmoja. Kabla mambo hayajafika pabaya, mwanga unawaka na wote sita wanaondolewa wakati ule. Sawyer anamshukuru Mungu kwa sauti, kisha anajikuta kwenye dhoruba ya usiku na kuzifuta shukrani zake palepale.

Hatukuona sura za waliokuwa wakifukuza. Tamthilia ikaendelea hadi tarehe 23 Mei 2010, ikafunga pazia, na ile ngalawa ya pili haikurudiwa.

Mimi sikulala. Nilinunua daftari.

Nadharia yangu ilikuwa hivi: waliokuwa wakifukuza ni Sawyer mwenyewe na wenzake, wakitokea wakati wa mbele. Yaani Sawyer alikuwa anajipiga risasi bila kujijua. Naomba uisome tena sentensi hiyo uone uzuri wake. Hata leo naiona nzuri. Faraday alikuwa ameshatupa kanuni kwamba lililotokea limetokea, huwezi kulibadilisha, na msimu huo ulikuwa na episodi nzima yenye jina hilo. Chupa ya Ajira ilionyesha kwamba ngalawa zile ni za baada ya ndege ya Ajira 316 kutua kwenye kisiwa kidogo cha Hydra. Kwa hiyo anayefukuza alikuwa mtu wa mbele, na Sawyer tulikuwa tunamsubiri afike huko mbele. Nilihesabu kila chombo kilichotumiwa na waliofika na ndege hiyo. Sun na Frank walivuka na kimoja kutoka Hydra. Ben na Locke walivuka na kingine. Ilana, Bram na kundi lao wakavuka na chao wakiwa na sanduku kubwa la chuma, katika episodi ya kufunga msimu tarehe 13 Mei 2009. Nilichora hata mishale ya safari zao. Kurasa 38. Wewe na kurasa zako 11 bado mtoto.

Nasema kwa fahari, na sioni sababu ya kujishusha: hakuna mtu katika kundi letu la marafiki aliyeijua ramani ya kile kisiwa kama mimi. Walikuwa wakisahau jina la mtu, wananiuliza mimi.

Sasa sikiliza lilikovunjikia.

Tarehe 2 Februari 2010 msimu wa 6 ukaanza, na mwanzoni kabisa Juliet akafa mikononi mwa Sawyer. Nililia kama wengine. Wiki chache baadaye, Machi, ikaja ile episodi ambayo Sawyer anachukua ngalawa kwenda Hydra. Niliruka kutoka kwenye kiti. Chombo hicho, maji hayo, mtu huyo! Dada yangu mdogo alikuwa amekaa chini, anakula, hana hata habari ya daftari langu. Nikamweleza nadharia yote kwa dakika ishirini. Akatafuna, akameza, akasema:

"Kaka, kwenye ngalawa ya mbele si yumo Juliet?"

"Yumo."

"Na huyu Sawyer wa nyuma si ametoka kumzika?"

Nikanyamaza.

"Sasa akimwona Juliet yuko hai, amempa mgongo, anapiga kafi, yeye atampiga risasi? Mimi ningejitupa majini nimfuate."

Nilimwambia yuko mbali sana hawezi kumtambua. Nilimwambia labda ilikuwa giza. Nilimwambia, Mungu anisamehe, kwamba hajaitazama tamthilia kwa makini. Ukweli ni kwamba alikuwa ameniua kwa maneno machache na mdomo umejaa chakula. Na hata bila Juliet, swali lake lilikuwa na mtoto: Sawyer anakumbuka. Alishawahi kuwa kwenye ngalawa ya mbele. Miles pia. Mtu aliyekoswakoswa na risasi mahali fulani, siku akijikuta mahali palepale na bunduki mkononi mwake, hawezi kuwa wa kwanza kufyatua bila hata kushtuka.

Nilikuwa nimehesabu mbao na makafi. Mtu aliyefiwa sikumhesabu.

Mwungwana angelifunga daftari pale. Mimi nikaongeza kurasa 6, nikaziita "majibu kwa pingamizi", na nikawaambia marafiki zangu kwamba episodi ya mwisho isipoonyesha ngalawa, nitasimama mbele yao na kusoma daftari lote kwa sauti.

Miezi miwili iliyobaki naivuka.

Mnajua ilivyokwisha. Nuru, pango, Jack, mhusika mkuu, anafumba jicho, kanisa. Wengine walikuwa wanafuta machozi, mimi nilikuwa natazama saa nikisubiri ngalawa. Ndiyo sababu hadi leo naionea wivu ile saa yao: wao walipata mwisho wa hadithi, mimi nilipata mwisho wa dau. Nikasimama. Nikasoma. Ukurasa wa 4 walianza kutabasamu, ukurasa wa 9 mmoja akaanguka kwenye zulia, na nilipofika kwenye mchoro wa mishale yule niliyemwona rafiki kuliko wote akaniita Nahodha. Jina hilo bado ninalo. Kuna watoto wao wananisalimia "Shikamoo, Nahodha" bila kujua limetoka wapi.

Basi, ushauri. Wa kwanza ni huu: kabla hujaandika kinachoithibitisha nadharia yako, andika kitakachoiua. Uandike ukurasa wa kwanza kabisa, si wa 39 kama mimi. Kwenye karatasi yangu ilipaswa kusomeka: "Ikiwa Sawyer atakuwa na sababu ya kutofyatua, nimekwisha." Sentensi moja hiyo ingeniokolea usiku mmoja na jina moja.

Wa pili unafanana na wa kwanza: mpe daftari mtu asiyeijali tamthilia kama wewe. Wanaoijali watakuuliza juu ya chupa. Asiyeijali atakuuliza juu ya mtu.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wapenzi wa mafumbo hatupendi kulisikia. Hadithi ya televisheni inaandikwa na watu wenye ratiba, waigizaji na migomo. Msimu wa 4 ulikatwa ukabaki na episodi 14 kwa sababu ya mgomo wa waandishi uliodumu kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008. Na Walt, yule mtoto aliyedaiwa kuwa na uwezo wa ajabu? Misimu mitatu ya kwanza inasimulia takriban miezi mitatu kisiwani, huku Malcolm David Kelley aliyemwigiza akikua kwa miaka mitatu ya kweli. Alirefuka mbele ya kamera. Watu waliandika nadharia nzito kuhusu kwa nini kisiwa kilimwachilia, wakati suruali yake ilikuwa na jibu. Sidai ngalawa nayo ilikwama hivyo. Nakuambia tu kwamba kila ukiona mlango umeachwa wazi, usikimbilie kuamini kuna chumba nyuma yake.

(Hapa niwaweke pembeni wanaosema wahusika wote "walikuwa wamekufa tangu mwanzo". Baba yake Jack anamwambia wazi katika episodi ya mwisho kwamba yote yaliyotokea yalitokea kweli. Picha za mabaki ya ndege zilizopita na majina ya mwisho ziliwekwa na kituo cha ABC chenyewe, hazikuwa sehemu ya hadithi. Nimechoka kulieleza jambo hili kwenye harusi za watu.)

Turudi kwenye kurasa zako 11. Umemchagua Widmore, yule tajiri aliyekitafuta kisiwa kwa miaka, na watu wake. Nakubali, wana silaha, hawana huruma, na wamepiga kambi Hydra, mahali ilipotua ndege yenye chupa zile. Lakini walifika kwa nyambizi. Ukitaka wawe ndani ya ngalawa lazima uwatafutie sababu ya kuipanda, na wewe umewapandisha tu, kama mtu anayepanga vikombe mezani.

Mimi siku hizi, nikilazimishwa, nasema ni kundi la Ilana. Tunawajua walivuka kwa ngalawa. Tunawajua walikuwa na bunduki. Na kuna jambo nililichelewa kuliona: wale sita waliiba. Walikuta vyombo ufukweni wakachukua kimoja bila kuuliza. Mwenye chombo akirudi na kumkuta mgeni anatokomea nacho baharini, bunduki inajieleza yenyewe. Nadharia hii inabeba sababu ya kufyatua, kitu ambacho yangu haikuwa nacho. Ubovu wake ni mmoja: aliyepigwa na Juliet ni nani? Hatukumwona majeruhi yeyote katika kundi lile. Bram tulimwona akifa, lakini aliuawa na moshi mweusi, lile zimwi la kisiwa, ndani ya sanamu, si kwa risasi. Kwa hiyo nadharia ninayoipenda sasa ina tundu, na tundu hilo nimeliandika ukurasa wa kwanza. Unaona? Nimejifunza.

Na ukichekwa? Utachekwa. Lakini chunguza unachekwa kwa nini. Mimi kwa miaka niliamini wenzangu walicheka kwa sababu nilikosea. Sasa naamini walicheka kwa sababu nilikuwa sisikii. Dada yangu alinipa jibu Machi, nikamjibu kwa kurasa 6. Mtu anayeandika pingamizi kabla ya kutafakari swali anastahili zulia lote lijae watu wanaocheka, na ninyi mnaoandika kurasa 11, 20, 38, nawaomba msikilize wadogo zenu, msikilize wake na waume zenu, msikilize yeyote anayetafuna huku mnazungumza. Msiipende nadharia kuliko watu waliomo ndani yake. Msiipende kuliko watu walioketi pembeni yenu. Narudia jambo lilelile, najua. Mtanivumilia, nililipa kulijua.

Agosti 2010, seti ya DVD ilipotoka na ile nyongeza ya dakika 12 hivi iliyojibu baadhi ya maswali, niliitazama peke yangu, mlango nimeufunga. Dubu wa barafu walipata maelezo. Vifurushi vya chakula vilivyodondoshwa kutoka angani vilipata maelezo. Hata Walt alirudiwa. Ngalawa, hapana. Sitasema kama nilikuwa na daftari mkononi.

Sasa, ndugu yangu, jambo la mwisho. Ukurasa wako wa 7 unasema aliyepigwa risasi alianguka upande wa kushoto, na nusu ya hoja yako imesimama juu ya bega hilo. Nimeirudisha nyuma mara tisa, sijaona upande wowote. Kisha nikampa dada yangu kurasa zako zote azisome. Amezimaliza kwa mkupuo mmoja, amecheka mahali pamoja tu, na pembeni mwa ukurasa huohuo wa 7 ameandika swali kwa penseli, fupi, maneno matano.

Nakutumia kesho kama lilivyo. Keti kwanza ndipo ulifungue.