Maswali ya wasomaji: Tairi za basi-nyumba

SWALI: Jambo kwenu wahariri. Shirika letu lina basi la zamani la mita 12. Tuling'oa viti, tukaweka vitanda, jiko na matangi ya maji. Wapima ardhi wetu hulala humo wakienda Kolwezi au upande wa Kundelungu. Miezi mingine linakaa tu uani. Tairi ni sita, saizi 295/80R22.5, zina miaka 8 na meno bado marefu. Kwado wetu, fundi wa tairi, anasema hazina shida. Kuna mfanyabiashara anatuletea za okazio, yaani zilizokwisha tumika, kutoka Ulaya kwa nusu ya bei. Tuchague vipi?
Msomaji, Kampemba, Lubumbashi

JIBU: Toeni hizo, na meno yasiwadanganye. Lori linalokwenda mpakani Kasumbalesa kila mara humaliza meno kabla mpira haujazeeka. Basi-nyumba ni kinyume. Ndani ya mpira mna nta inayoukinga na jua na hewa, na nta hiyo hutoka juu pale tairi linapojikunja likitembea. Gari likisimama miezi mitatu, kinga hiyo inapungua. Ubavu unafanya nyufa, na ndani, mahali ambapo kwado haoni, nyaya za chuma zinaanza kuachana na mpira. Siku ya kupasuka mara nyingi ni ya Oktoba, lami ya Likasi ikiwaka. Michelin hushauri fundi akague tairi kila mwaka likishatumika miaka 5, na litolewe likifika miaka 10 tangu kutengenezwa, hata likionekana zuri. Kwa gari linalolala juani, sisi za mbele hatuziachi zipite miaka 7. La mbele likipasuka, usukani unafuata.

Umri husomwa ubavuni, tarakimu nne za mwisho za mstari unaoanza na herufi DOT: 3519 ni juma la 35 la mwaka 2019. Mara nyingi zimeandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo chukueni tochi mwingie chini ya gari. Za okazio zipimeni hivyohivyo. Yenye picha ya mlima na kipande cha theluji iacheni: mara nyingi mpira wake ni wa kutembelea baridi, na kwetu unaweza kuisha haraka. Kwa ekseli ya mbele hatushauri okazio yoyote, wala iliyovikwa meno mapya.

Kabla ya kununua, pelekeni basi kwenye mizani likiwa na maji, mafuta, jenereta na watu. Lita 400 za maji ni kilo 400, na mara nyingi tangi liko upande mmoja. Pimeni kila ekseli, na ikiwezekana kila upande. Kisha linganisheni na namba ya mzigo iliyoandikwa ubavuni. 152/148M maana yake kilo 3,550 kwa tairi likiwa peke yake, kilo 3,150 kila moja yakiwa mawili pamoja, mwendo usizidi kilomita 130 kwa saa. Hiyo ni kilo 7,100 mbele na 12,600 nyuma. Upande mmoja wa mbele ukisoma 3,700, hamisheni mzigo kwanza. Msikimbilie 315/80R22.5 ati ni kubwa: inataka janti ya inchi 9, na nyuma mbavu za mapacha, yaani tairi mbili zilizofungwa pamoja, zinaweza kugusana na kuungua.

Mbele wekeni meno ya mifereji mirefu. Nyuma, kwa sababu ya udongo mwekundu wa Kundelungu, meno ya mchanganyiko wa lami na vumbi. Mapacha ya nyuma yasizidiane zaidi ya milimita 3 za meno. Likizidi, kubwa linabeba mzigo mkubwa zaidi na dogo linaburuzwa. Badilisheni valvu pia, wekeni za chuma, na nati zikazwe tena baada ya kilomita 50.

SWALI: Shofele wetu hupunguza upepo saa sita mchana tairi zikiwa moto, ati zisipasuke. Ni sawa?
Mama wa Katuba

JIBU: Hapana, Mama. Upepo hupimwa asubuhi, kabla gari halijatembea. Kwa tairi la kiwango cha bar 8.5, kila nyuzi 10 za joto huongeza karibu bar 0.3, na mtengenezaji ameshalihesabu hilo. Akitoa mchana, usiku tairi linabaki na upepo kidogo, kesho linajikunja kupita kiasi, na joto hilo ndilo linalolipasua. Kiwango chenyewe kisomwe kwenye jedwali la mtengenezaji kufuatana na uzito wa mizani. Ile namba kubwa ya ubavuni ni ya mzigo wa juu kabisa.

SWALI: Tairi la ndani nyuma lilikosa upepo njiani, kwado akalijaza, tukaendelea. Kuna ubaya?
Msomaji, mtaa wa Kenya, Lubumbashi

JIBU: Upo. Tairi lililotembea chini ya asilimia 80 ya upepo wake litolewe kwenye janti na likaguliwe ndani. Nyaya za ubavu huenda zimechoka, na wakati wa kujaza hukatika moja baada ya nyingine hadi ubavu unafunguka kama zipu. Nguvu yake inaua. Lijazwe ndani ya kizimba cha chuma, bomba la kujazia upepo liwe refu, na kwado asisimame mbele ya ubavu. Asiye na kizimba asiliguse. Fungeni la akiba.